Mbwa Wako Anaweza Kuwa Msaidizi, Lakini Kwanza Asikuogope

Tunapozunguka na chanjo ya kichaa cha mbwa hapa Manispaa ya Tabora, Isevya, Ng'ambo, Kanyenye, kuna swali ambalo huja baada ya sindano. Mtu ameshachukua cheti chake, lakini haondoki. Anasubiri foleni ipungue, kisha anauliza: "Bwana mifugo, nasikia kuna mbwa wanaowasaidia watu wasioona. Huyu wangu hawezi kumsaidia mama? Masikio yake hayasikii tena." Mwingine ana mtoto mwenye kifafa. Mwingine ana babu ambaye magoti yamegoma, na mchana kutwa babu anabaki nyumbani na mbwa tu.

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko lile ninaloweza kutoa chini ya mwembe, huku mbwa kumi wengine wakibweka kwenye kamba.

Anaweza, kwa baadhi ya kazi. Mbwa wetu wa kienyeji ana akili ya kutosha, na pua na masikio yake yanatushinda mbali. Sikio la binadamu hukoma kwenye mitetemo ya sauti kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika hadi 45,000 hivi. Kinachomkwamisha mbwa wa kwetu mara nyingi ni jinsi alivyolelewa.

Ila kazi moja naomba muiache: kumwongoza asiyeona barabarani. Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 ikafuata The Seeing Eye huko Marekani, na mwaka 1931 mbwa wanne wa kwanza wakaanza kazi Uingereza. Tangu hapo kazi hiyo imebaki ya wataalamu. Mbwa hulelewa na familia tangu mdogo, kisha hukaa miezi mingi kwa wakufunzi, kisha yeye na mtu wake wanafundishwa pamoja. Kubwa analojifunza ni kukataa amri. Mtu akisema "twende" na gari linakuja, mbwa anagoma kusogea. Hilo halifundishwi uani kwa wiki chache, na kwa bodaboda na bajaji zetu zinazochomoka kila upande, kosa moja linatosha. Asiyeona aendelee na fimbo yake nyeupe. Mbwa wa nyumbani tumpe kazi za nyumbani, nazo ni nyingi.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Mtu anahitaji msaada wakati gani? Ni pale alipoanguka, anapotetemeka kwa kifafa, anapolia usiku kwa ndoto mbaya, au fimbo imemponyoka na anapapasa chini akiitafuta. Yote hayo, machoni pa mbwa, ni binadamu anayefanya mambo yasiyo ya kawaida. Na mbwa wa mitaani kwetu amejifunza nini kuhusu binadamu wa namna hiyo? Jaribu leo: ukikutana na mbwa njiani, inama tu kama unayeokota kitu. Hatasubiri aone umeokota nini. Ataweka mkia katikati ya miguu na kukimbia, kwa sababu tangu utotoni kila aliyeinama mbele yake aliinuka na jiwe.

Mbwa huyo huwezi kumtegemea siku utakapoanguka. Utakapokuwa chini ndipo atakapokuwa mbali zaidi. Ndiyo maana nawaambia watu kwamba mbwa wa ulinzi unaweza kumpata hata kwa ukali, ingawa si vizuri, lakini mbwa msaidizi huwezi kumpata kwa kipigo hata siku moja. Kazi yake yote ni kukukaribia pale ambapo mwili wake unamwambia akimbie.

Basi somo la kwanza ni hilo la kuinama. Asubuhi kabla hajala, simama hatua chache kutoka kwake, inama polepole, weka kipande cha chakula chini, inuka, ondoka. Usimwite, usimshike, usimkazie macho. Rudia mara kadhaa, kesho tena, keshokutwa tena. Siku atakayoanza kukusogelea unapoinama, badala ya kurudi nyuma, ujue kuna jambo limebadilika ndani yake. Baada ya hapo kaa chini kabisa, kwenye mkeka au kigoda, aje mwenyewe. Kisha lala chini. Wengi wanaona aibu kulala chini mbele ya mbwa. Fungeni geti, mlale. Mbwa ambaye hajawahi kukuona umelala chini mchana hatajua la kufanya siku utakapodondoka.

Jifunze pia kumsoma. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayejilamba midomo wakati hakuna chakula, anayegeuza uso na kulaza masikio nyuma, anakuambia kwamba umemzidia. Simamisha zoezi, mpe nafasi. Ukiendelea kumbana, hatua inayofuata ni kuunguruma, na baada ya kuunguruma ni meno.

Urafiki huu una msingi mwilini. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walipima mkojo wa mbwa na wa wenye mbwa kabla na baada ya kukaa pamoja. Wale waliotazamana kwa muda mrefu, mbwa na mtu wake, homoni iitwayo oksitosini iliongezeka kwa wote wawili. Ni homoni ile ile inayohusika na mama kumpenda mtoto anayemnyonyesha. Mbwa mwitu wa aina ya wolf, si hawa wa mbuga zetu, waliolelewa na watu hawakuonyesha hivyo. Kwa hiyo dakika 10 za jioni unazokaa na mbwa wako uani, ukimkuna kifuani na yeye akikuangalia kwa hiari yake, ni sehemu ya mafunzo, na kwa wiki za mwanzo ndiyo sehemu kubwa.

Na kama kuna anayedhani mnyama hafundishiki bila kiboko, aangalie Morogoro. Kule, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya akipatia, anasikia mlio mfupi, kisha anapewa chakula kama ndizi. Basi. Panya mmoja wa huko, Magawa, alikwenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, likamtunuku medali ya dhahabu. Kama panya anafundishika kwa mlio na ndizi, mbwa wako anafundishika kwa mlio na dagaa.

Mlio unaupata bure: gonga ulimi kwenye kaakaa, utoe sauti ya "tok". Siku mbili tatu za kwanza, piga mlio, mpe kipande, piga mlio, mpe kipande, mpaka akisikia tu anageuka kukutazama. Kuanzia hapo mlio unamaanisha "hapo hapo umepatia". Upige sekunde ile ile aliyofanya jambo, kwa sababu ukichelewa unakuwa umesifia kitu kingine. Kwa chakula, dagaa wa Kigoma waliokaushwa bila chumvi wanatosha kabisa, mmoja akikatwa vipande viwili au vitatu. Zoezi lisizidi dakika 5, asubuhi na jioni. Mwezi wa tisa na wa kumi, jua la Tabora linapochoma mpaka ardhi haikanyagiki, msithubutu kufundisha mchana.

Chagueni kazi moja tu, ile inayomsumbua mgonjwa wenu kila siku. Nitaeleza moja kwa kirefu, ya mama asiyesikia hodi.

Wanahitajika watu wawili, mama mwenyewe na, tuseme, binti yake. Mama amekaa sebuleni, dagaa wamefungwa kwenye pindo la kanga. Binti yuko chumba hicho hicho, anagonga mlango kwa ndani. Papo hapo anampungia mama mkono, na mama anapiga paja lake kumwita mbwa. Mbwa akifika na kugusa goti kwa pua au kwa mguu wa mbele, mama anapiga mlio na kumpa dagaa. Wanarudia mara tano sita, wanaacha. Baada ya siku kadhaa, binti akigonga, mama asipige paja. Atulie kimya. Mbwa atasita, ataangalia mlango, ataangalia mama. Msimsaidie haraka, mwacheni afikiri. Akienda kwa mama mwenyewe, mpeni dagaa wawili. Kisha binti atoke nje agonge na kuita hodi. Kisha mama ahamie jikoni, kisha uani kwenye kufua, kisha kitandani amejilaza.

Hapo katikati mbwa wengi hukimbilia mlangoni na kubweka. Msimgombeze, hiyo ni kazi yake ya zamani na bado mnaihitaji. Ila mlangoni hakuna dagaa. Dagaa wako kwenye goti la mama, siku zote, na hakuna mtu mwingine anayetoa. Mwishowe atabweka mara moja kisha atakimbia kumfuata mama. Mama akiinuka na kumfuata mpaka mlangoni, kazi imekamilika. Njia hiyo hiyo inafaa kwa kilio cha mtoto mchanga au simu inayoita.

Babu mwenye magoti mabovu, mbwa anaweza kumwokotea fimbo au leso, au kwenda kumwita mtu jikoni. Ila babu asije akamwegemea mbwa. Mbwa wetu wengi wana kilo 15 hadi 20, na mgongo wao haukuumbwa kubeba uzito wa mtu anayeinuka.

Kwa kifafa, nawasihi wazazi mnielewe vizuri. Mbwa anaweza kufundishwa kubweka au kukimbia kumwita mama pale mtoto anapoanguka, na kukaa karibu naye mpaka mtu afike. Wapo mbwa wanaoonekana kuhisi kifafa kabla hakijaja, lakini hilo halifundishwi kwa uhakika, na maisha ya mtoto hayawekwi juu yake. Dawa za hospitali ziendelee bila kuruka hata siku.

Tabora ina Waislamu wengi, na swali la najisi ni la haki kabisa. Wanaofuata madhehebu ya Shafi, walio wengi kwetu, huosha mara saba, mojawapo kwa udongo, panapoguswa na mate ya mbwa. Na mbwa wa kuwinda, kulinda mifugo na kulinda shamba ameruhusiwa. Kuhusu mbwa wa kumsaidia mgonjwa, muulizeni shehe wenu, mkimweleza shida ilivyo. Upande wangu naweza kurahisisha mambo: chagueni kazi isiyohitaji kugusa kitu kwa mdomo, kama kubweka au kuja kukaa mbele ya mama bila kumgusa; mbwa alale kwenye banda lake nje, awe na bakuli lake peke yake, na chakula cha zoezi kidondoshwe chini badala ya kutolewa mkononi.

Afya nitaigusa kwa haraka, si kwa sababu ni ndogo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Mbwa anayekaa karibu na mgonjwa bila chanjo ni hatari kuliko kutokuwa na mbwa. Mtu yeyote aking'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa mpeni dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Msimpikie unga au pumba zilizoota ukungu kwa kuwa "ni za mbwa". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inaharibu ini lake upesi sana. Na ninyi wa Urambo, Kaliua na Sikonge mnaokwenda na mbwa porini kwenye mizinga ya nyuki, mbung'o wanamwambukiza ugonjwa wa nagana. Mkiona jicho limeanza kuwa jeupe kama lenye ukungu, anakonda na ana homa, msingoje.

Mtapata mtoto wa mbwa? Asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8, na mpaka kufikia wiki ya 14 hivi mwonyesheni dunia kwa upole: watoto, baiskeli, mvua kwenye bati, mtu anayetembea na magongo. Anachokizoea wakati huo hatakiogopa ukubwani. Mbwa mkubwa naye anajifunza, ila anahitaji muda zaidi, hasa kama alikwishapigwa sana.

Wapo ambao haitawezekana. Ukimfanyia mbwa zoezi la kuinama kwa miezi miwili au mitatu kwa uvumilivu, na bado akikuona chini anatimua mbio au anaunguruma, usimlazimishe na usimlaumu. Mwache aendelee kulinda geti, mlishe, mchanje kama kawaida. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda yeye pia, awe msaidizi au asiwe. Kisha njoo ofisi ya mifugo ya kata yako uulize nyumba gani ina mbwa jike mtulivu anayekaribia kuzaa, na uende ukamwone mama huyo kabla hujachagua mtoto.