Gift Ngoepe: glavu iliyomfikisha ligi kuu

Nafundisha walinzi wa ndani katika besiboli, yaani wale wanaosimama kati ya besi na besi, vile vituo vinne anavyovipitia mkimbiaji. Vijana wanaokuja kwangu karibu wote hulilia gongo kwanza, yaani kupiga mpira. Kuokota mpira unaobiringika chini hakuna anayekuomba umfundishe. Kwa hiyo huwasimulia habari za Gift Ngoepe, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, MLB.

Ngoepe alizaliwa Januari 1990 nchini Afrika Kusini. Mama yake, Maureen, alifanya kazi katika klabu ya Randburg Mets, jirani na Johannesburg, na familia iliishi kwenye chumba kidogo ndani ya jengo la klabu hiyo. Mtoto alikulia uwanjani. Mwaka 2008 akaenda Italia, kwenye kambi ya MLB huko Tirrenia, ambako miongoni mwa walimu alikuwamo Barry Larkin, aliyekuwa shotistopu hodari (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) wa timu ya Cincinnati Reds. Mwaka huohuo timu ya MLB ya Pittsburgh Pirates ikamsajili.

Kisha zikaja ligi ndogo, zinazowaandaa wachezaji kwa ligi kuu, na hapo ndipo wengi hupotelea. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine katika timu za Bradenton, Altoona, Indianapolis. Kupiga kulimtesa. Mwanzoni alipiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto, baadaye akabaki na wa kulia tu. Mwaka 2013, akiwa Altoona, wastani wake wa kupiga ulishuka chini ya .200, maana yake hakupata hata mapigo mawili safi katika kila kumi. Mwaka huo pia alifiwa na mama yake.

Kwa nini Pirates hawakumwacha? Tazama kazi ya shotistopu. Anasimama kati ya besi ya pili na ya tatu, upande ambao wapigaji wa mkono wa kulia hupeleka mipira mingi. Mpira ukigongwa chini, mpigaji hufika besi ya kwanza, umbali wa mita 27 na kitu, kwa sekunde nne na ushei. Ndani ya muda huo mlinzi aufikie mpira, audake, autoe kwenye glavu na kuutupa upande wa pili wa uwanja, ufike besi ya kwanza kabla ya mpigaji. Wanaoanza huinama wameganda wakiungoja uwafikie, ukiruka vibaya unawapiga kifuani. Mlinzi aliyeiva huufuata kwa hatua fupifupi, akachagua mwenyewe audake wapi: pale unapoinuka tu kutoka ardhini, au ukiwa juu kabisa ya mruko wake. Glavu huanzia chini ikiwa wazi, kisha hupanda, kwa sababu kuinua mkono ni rahisi kuliko kuushusha ghafla. Mkono wa pili uko hapohapo kando, tayari kuuchomoa mpira.

Ngoepe alikuwa nayo hayo yote, na miguu myepesi mno. Aliweza pia kucheza besi ya pili, ambako mara nyingi unapokea mpira huku mkimbiaji anakujia kwa kasi, na bado unatakiwa ugeuke na kutupa.

Tarehe 26 Aprili 2017, baada ya misimu minane kamili ya ligi ndogo, aliingia uwanjani Pittsburgh katika ininga ya nne (mechi ina ininga tisa, yaani vipindi) dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa wa 2016. Mara yake ya kwanza kushika gongo alimkuta Jon Lester, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye jina kubwa. Akapiga mpira uliopita katikati, akafika besi ya kwanza salama.

Msimu huo alicheza mechi 28 na wastani wa .222, kisha akahamia Toronto Blue Jays. Wapo wanaozitazama namba hizo na kusema hakufika mbali. Mimi siwezi kukubali. Watu wa Pirates walimtazama akidaka kila siku kwa miaka yote hiyo, na kila msimu walimpa tena nafasi, ilhali wapigaji wengi waliomzidi wastani walishafungiwa mlango.