.30-06 na .308: porojo za wawindaji na ukweli wake

Marekani, kwa wawindaji wanaojijazia risasi nyumbani (ganda, baruti na kichwa, wanaziunganisha wenyewe), kuna ubishi usiokwisha kama wa Simba na Yanga: kati ya risasi hizi mbili za bunduki, .30-06 Springfield au .308 Winchester? Mengi yanayosemwa humo hayana mashiko.

"Hiyo 06 ni kipimo." Ni mwaka. 30 ni kipenyo cha tundu la mtutu kwa sehemu za mia za inchi, na 06 ni 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Mdogo wake, .308, aliingia sokoni 1952.

"Ganda refu, nguvu maradufu." Simamisha maganda mawili matupu mezani. La .30-06 lina milimita 63, la .308 lina 51. Ukiyatazama utadhani baba na mtoto. Lakini .308 inaruhusiwa shinikizo kubwa kidogo, psi (pauni kwa kila inchi ya mraba) 62,000 dhidi ya 60,000, na hapo ndipo inapofidia ufupi wake. Kichwa, kile kipande kinachoruka, cha greni 150, yaani gramu 9.7 hivi, katika risasi za kiwandani hutoka kwa takriban mita 860 kwa sekunde kwenye .308, na 887 kwenye .30-06. Asilimia tatu tu! Kulungu aliyepigwa sawasawa nyuma ya bega hatajua kapigwa na ipi.

Tofauti ya maana huja kwenye vichwa vizito. Chukua cha greni 220: ni kirefu, na ukikipachika kwenye .308 kinazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Kwenye .30-06 nafasi bado ipo. Anayemfuata elki (jamii ya kulungu, mkubwa sana) au dubu mkubwa wa Alaska ana sababu ya kumchagua huyu aliyekula chumvi nyingi. (Nyati na tembo ni habari nyingine kabisa, Tanzania sheria inataka .375 kwenda juu.)

".308 ina shabaha kwa asili." Sifa hiyo imetoka kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Mtutu mzuri, risasi zilizojazwa kwa usawa na bega lililotulia vina uzito kuliko jina lililochapwa kwenye kitako cha ganda. Faida ya .308 isiyo na ubishi ni bolti (chuma kinachosukuma risasi mahali pake) fupi na bunduki nyepesi kidogo.

"Vichwa ni vilevile, basi hata risasi zinabadilishana." Hii ndiyo ya hatari. Vichwa ni vilevile kweli, inchi .308, boksi moja linalisha bunduki zote mbili, na mjazaji huokoa fedha. Risasi nzima ni kitu kingine. Ya .308 inaweza kuingia kwenye chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi) ya .30-06, ganda likakosa pa kuegemea, likapasuka na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni.

Vipimo vya baruti navyo haviazimwi. Ganda la .308 lina ujazo mdogo, kwa hiyo kipimo cha mwenzake humo ni balaa. Hata maganda ya .308 yenyewe hayafanani: ya kijeshi mara nyingi yana kuta nene, nafasi ya ndani inapungua, na baruti ileile inaleta shinikizo kubwa zaidi. Mjazaji makini huanzia kipimo cha chini cha kitabu cha ujazaji, na akimiliki bunduki zote mbili, huondoa mezani maganda ya moja kabla ya kugusa mizani kwa ajili ya nyingine.