"Dhow" ni chombo gani hasa?

Ukishuka gatini Lamu, hutachukua muda kabla hujaulizwa kama unataka kupelekwa Shela au Manda kwa "dhow". Anayekuuliza amefunga mashua pale chini, na akigeuka kumwita mwenzake ataiita mashua. "Dhow" ni neno la kumwambia mgeni.

Katika Kiingereza maana yake ni pana mno: chombo chochote cha matanga cha Bahari ya Hindi au Bahari ya Shamu, chenye mlingoti mmoja au zaidi na tanga la pembe tatu linaloning'inia kwenye foromali, yaani mti unaofungwa tanga. Hilo ni jina la ukoo mzima. Kwetu lipo dau, na dau ni mtoto mmoja tu wa ukoo huo, tena si mkubwa. Matamshi ni yale yale, maana ile h haisikiki. Wanaolisoma kwa dh ya dhahabu wanaongeza sauti ambayo Mwingereza mwenyewe hana.

Mmisionari Mwingereza Edward Steere na wenzake waliokusanya maneno ya Kiswahili katika karne ya 19 walilieleza dau kuwa chombo kidogo kilicho wazi, kilichochongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, chenye tanga la mraba la mkeka. Kilikuwa chombo cha wavuvi na wachukuzi wa kuni. Methali nayo inashuhudia: dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mola kupenda. Kwenda joshi ni kukaza tanga na kukata upepo, kazi inayotaka chombo imara na mabaharia wa kutosha. Hakuna aliyesema jahazi la mnyonge. Mnyonge alipewa dau kwa sababu ndilo aliloweza kuwa nalo.

Kama Waingereza walilichukua neno kwetu au kwingine, wanaisimu hawajaafikiana. Lipo katika Kiarabu, lipo katika Kimarathi cha pwani ya magharibi ya India. Afanasy Nikitin, mfanyabiashara wa Kirusi aliyevuka kutoka Hormuz kwenda India katika karne ya 15, aliandika kwamba alipanda "tava", na wapo wanaoliona neno hilo kuwa ndilo hili hili. Ajabu ni kwamba Waarabu, ambao wageni wengi hudhani ndio wenye neno, kwa kawaida huviita vyombo vyao kwa umbo la bodi na tezi: sambuki, bumu, bagala, ganja.

Lililolieneza zaidi katika Kiingereza ni manowari. Katika karne ya 19 jeshi la majini la Uingereza lilizunguka pwani hii likisaka vyombo vilivyobeba watumwa, na taarifa zake zilijaa "dhow" hii na "dhow" ile. Ofisa mwenye darubini aliliona tanga kwa mbali. Tezi ikiwa bapa au imechongoka, si kitu kilichomshughulisha. Hivyo jina la chombo cha kuni likabandikwa majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na kurudi na kusi yamesheheni boriti za mikoko ya Lamu.

Hata mtepe uliingizwa humo, na hapo ndipo maana hii pana inapovuja. Mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Kwa kipimo cha tanga la pembe tatu, si "dhow" kabisa. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mifano yake midogo imo katika makumbusho ya Lamu.

Nenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa pili wa kisiwa, utamkuta fundi akikalafati, akishindilia pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao, kidogo kidogo, mpaka ufa ushibe. Mwulize anaunda nini. Kikiwa kikubwa chenye tezi bapa atakwambia jahazi, kikiwa kidogo mashua. Gogo lililochongwa na kutiwa ndubi, yaani mbao za kando za kulizuia lisipinduke, pande mbili ni ngalawa. Neno linalovikusanya vyote ni chombo, ndiyo maana yeye ni fundi wa vyombo na wala si fundi wa madau.

Kwa hiyo mfasiri anayekutana na "dhow" asikimbilie dau kwa kuwa tu sauti zinafanana. Habari ikisema "dhow" imekamatwa baharini na tani za shehena, hilo haliwezi kuwa dau. Aandike jahazi akijua ni jahazi. Asipojua, aandike chombo; hata kikiwa na injini badala ya tanga, kama vilivyo vingi siku hizi, jina hilo bado linakitosha.