Marejeleo kwa Zotero: Sahihisha Kwenye Maktaba Yako, Si Kwenye Rasimu

Kila tarehe ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu inapokaribia, dawati la huduma za utafiti la maktaba ya chuo hujaa watu wenye shida moja yenye sura nyingi: orodha ya marejeleo imevurugika. Majina yamegeuka, mwaka haupo, kazi moja imeorodheshwa mara tatu, na ukibofya rejeleo lililo ndani ya sura hakuna kinachofunguka. Wengi huilaumu programu. Kwa kawaida programu imepanga vile vile ilivyopewa, na kosa lilishaingia siku kazi ilipohifadhiwa, pengine miezi minane nyuma.

Tunazungumzia Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeleo, kwa sababu ni ya bure, ni huria, na mwanafunzi hubaki nayo hata akishahitimu. Ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani. Anayetumia Mendeley, inayomilikiwa na Elsevier tangu 2013, au EndNote ya Clarivate, atakuta kanuni nyingi ni zile zile. Wale ambao bado wameng'ang'ania Mendeley Desktop wajue kwamba toleo hilo liliondolewa kwenye upakuaji mwezi Septemba 2022. Wahamishe marejeleo yao mapema, wasisubiri kompyuta iharibike.

Unaposajili akaunti, tumia barua pepe yako binafsi. Barua pepe ya chuo inaweza kufungwa ukishamaliza masomo, na siku utakayosahau nenosiri hutakuwa na njia ya kulibadilisha. Akaunti ya Zotero ni yako. Chuo hakiwezi kuifungua kwa niaba yako, na barua ya mkuu wa idara haisaidii katika hilo.

Kuhifadhi kazi ndiko kunakoharibu au kuokoa kila kitu. Kiendelezi cha kivinjari, Zotero Connector, hubadili alama yake kulingana na ukurasa ulioufungua: alama ya kitabu, ya makala, au ya folda pale penye orodha ya matokeo mengi. Ukiona alama ya ukurasa mtupu wa tovuti, programu haijatambua kazi yoyote. Itahifadhi anwani na kichwa cha ukurasa tu, kisha katika orodha yako makala ya jarida itasomeka kama tovuti isiyo na mwandishi. Hifadhi ukiwa kwenye ukurasa wa ikisiri wa mchapishaji, si ukiwa umefungua faili ya PDF, na usitegemee orodha ya Google Scholar, ambayo mara nyingi hukosa namba ya toleo, kurasa na DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala. Kama una DOI (huanza na 10.), ISBN ya kitabu au PMID (namba ya makala katika hifadhidata ya tiba ya PubMed), bofya alama ya fimbo ya mchawi ndani ya Zotero, bandika namba, kisha bonyeza Enter.

Machapisho yetu mengi ya ndani hayana namba hizo. Ripoti za wizara, sheria, tasnifu za zamani na matoleo ya nyuma ya majarida ya Kiswahili mara nyingi hupatikana kama picha zilizoskaniwa, na Zotero haiwezi kusoma jina la mwandishi kwenye picha. Hapo utajaza kwa mkono, ukianza kwa kuchagua aina sahihi ya kazi: ripoti iwe ripoti, tasnifu iwe tasnifu. Kwenye tasnifu, kisanduku cha aina huchapishwa kama ulivyoandika, kwa hiyo andika "Tasnifu ya Shahada ya Uzamili" na si "MA" kwa mkato.

Kosa linaloongoza kwa marejeleo ya Tanzania ni taasisi kugeuzwa mtu. Visanduku vya mwandishi ni viwili, jina la ukoo na majina mengine. Ukiliacha Baraza la Kiswahili la Taifa ligawanywe humo, mtindo wa marejeleo wa APA utakutolea "Taifa, B. la K. la". Tumeliona hilo kwenye rasimu zilizokwisha kusainiwa na msimamizi. Pembeni ya visanduku hivyo kuna kitufe kidogo cha kuviunganisha viwe kimoja. Kibofye, andika jina zima la taasisi, basi. Fanya hivyo pia kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kwa wizara zote na kwa Shirika la Afya Duniani. Vyeo navyo visiingizwe: Dkt., Prof. na Mwalimu si sehemu ya jina katika marejeleo.

Jina la mtu mmoja liandikwe kwa namna moja tu. Ukimwandika Julius Nyerere kwenye kumbukumbu moja na Julius K. Nyerere kwenye nyingine, programu itadhani ni watu wawili, na ghafla ndani ya sura yako zitajitokeza herufi za mwanzo za majina: (J. Nyerere, 1968, J. K. Nyerere, 1967). Herufi a na b baada ya mwaka nazo zina maana yake. Nyerere alichapisha Freedom and Socialism na Ujamaa: Essays on Socialism mwaka huo huo wa 1968, kwa hiyo 1968a na 1968b ni sahihi iwapo umevitumia vyote viwili. Lakini ukiona a na b wakati umetumia kitabu kimoja, umekihifadhi mara mbili. Nenda kwenye sehemu iitwayo "Duplicate Items", chagua nakala zote, kisha uziunganishe. Usifute moja. Ukifuta ile iliyokwisha tumika kwenye rasimu, rejeleo lake litabaki bila kumbukumbu nyuma yake, na masahihisho utakayofanya baadaye kwenye maktaba yako ya Zotero hayatalifikia.

Kwa waandishi wa Kiswahili kuna kisanduku ambacho karibu kila mtu anakiruka, kile cha lugha. Mitindo kama Chicago na MLA hukuza herufi za mwanzo za maneno ya kichwa cha Kiingereza, na lugha isipotajwa programu hudhani kichwa ni cha Kiingereza. "Historia ya lugha ya taifa" itatoka "Historia Ya Lugha Ya Taifa". Andika sw kwenye kisanduku hicho na tatizo litaisha. APA ina tabia tofauti: haishushi herufi kubwa zilizokwisha hifadhiwa. Kama kichwa cha makala kiliingia chote kwa herufi kubwa, bofya kichwa hicho kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Transform Text", kisha "Sentence case". Halafu kisome upya, maana majina ya pekee kama Kiswahili au Tanzania yanaweza kushushwa pamoja na mengine.

Ndani ya Word, rejeleo si maandishi ya kawaida. Ni msimbo unaotoa maandishi, na ndiyo maana hugeuka kijivu unapolibofya. Ukifuta mwaka na kuandika mwingine kwa mkono, Zotero itakuuliza kama unataka kuuacha hivyo. Ukikubali, rejeleo hilo halitasasishwa tena; ukikataa, mwaka wa zamani utarudi. Tafadhali acheni kusahihisha kwenye rasimu. Makosa ya jina, mwaka na kichwa husahihishwa kwenye maktaba ya Zotero, kisha unabofya "Refresh" kwenye Word. Namba ya ukurasa ndiyo pekee inayohusu sehemu hiyo ya maandishi: bofya rejeleo, fungua "Add/Edit Citation", bofya jina lililomo kwenye kisanduku kitakachotokea, andika ukurasa. Hapo hapo unaweza kuondoa jina la mwandishi ikiwa umeshalitaja katika sentensi.

Zotero hufanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs. WPS Office haimo katika orodha hiyo, na kuhariri rasimu kwa simu kunaweza kuvunja misimbo yote bila onyo. Msimamizi akitaka kuandika maoni kwa simu, mtumie PDF. Ukitaka kuhamisha rasimu kutoka Word kwenda LibreOffice au Google Docs, usiifungue tu huko. Nenda kwanza "Document Preferences", chagua kubadili programu ya kuandikia, na ufuate maelekezo.

Kuhusu hifadhi, akaunti ya bure hutoa MB 300 kwa ajili ya mafaili. Nafasi ikijaa, PDF mpya hazipandi tena, lakini kumbukumbu za marejeleo zinaendelea kusawazishwa bila kikomo, kwa hiyo hakuna sababu ya kufuta chochote kwa hofu. Usiiweke folda ya Zotero ndani ya Dropbox, OneDrive au Google Drive: hifadhidata yake huharibika inapoguswa na huduma hizo wakati programu iko wazi. Kwa nakala ya akiba, funga Zotero, nakili folda nzima kwenye flashi au diski ya nje, kila wiki. Kwenye kompyuta za maktaba usiunganishe akaunti yako na programu iliyomo. Ingia kupitia tovuti ya Zotero, fanya kazi, toka.

Sehemu hii inawahusu hata wasiotumia Zotero. Majarida mengi tunayoyasoma hulipiwa na vyuo kwa pamoja kupitia COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, au hupatikana kwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, unaojumuisha Hinari ya afya iliyoanza 2002 na AGORA ya kilimo iliyoanza 2003. Mikataba yote hiyo inakataza kupakua kwa wingi. Ukichagua kumbukumbu 400 na kuiagiza programu itafute PDF zake kwa mpigo, seva ya mchapishaji huona anwani moja, ya chuo, ikivuta mafaili kwa kasi isiyo ya binadamu. Haikufungii wewe, inafunga chuo kizima. Mchapishaji huiandikia maktaba akitaja saa na anwani ya mtandao. Kitengo cha TEHAMA huangalia kumbukumbu za walioingia kwenye mtandao saa hiyo. Aliyehusika huitwa kutoa maelezo kwa maandishi. Chuo hujibu kikieleza hatua kilizochukua. Ndipo mchapishaji huamua lini afungue. Muda wote huo wenzako hawasomi. Kulingana na kanuni za chuo, aliyehusika anaweza kuzuiwa kutumia mtandao na suala kupelekwa kwenye nidhamu. Ndivyo ilivyo pia kwa anayerusha nenosiri la Hinari kwenye kundi la WhatsApp. Kusambaza PDF zenye hakimiliki kwenye kundi la Zotero nako kunaweza kugusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Shirikianeni kumbukumbu za marejeleo, kila mtu afungue makala kwa haki yake mwenyewe.

Zotero haipunguzi asilimia ya ufanano kwenye Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine. Aya uliyoinakili neno kwa neno bila alama za kunukuu inabaki imenakiliwa hata ikiwa na rejeleo safi. Wala haithibitishi kwamba kazi ipo. Malalamiko yanayoongezeka sasa ni ya marejeleo yaliyotungwa na programu za akili mnemba: mwandishi yupo, jarida lipo, makala haipo. Bandika DOI kwenye ile fimbo. Ikishindwa, au ikileta kazi nyingine kabisa, itafute kwa jina kwenye tovuti ya jarida, katika toleo na kurasa zilizotajwa. Usipoipata, iondoe pamoja na dai lililoegemea juu yake. Ukiona ukanda mwekundu juu ya kumbukumbu, makala hiyo imefutwa na jarida. Zotero hulinganisha maktaba yako na hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa, tangu 2019.

Kabla ya kuwasilisha, hifadhi nakala mbili. Moja ibaki hai, na misimbo yake yote, kwa ajili ya masahihisho ya watahini. Katika ya pili, bofya "Unlink Citations" ili marejeleo yawe maandishi ya kawaida. Hatua hiyo hairudishwi nyuma faili likishafungwa, kwa hiyo usiifanye kwenye nakala pekee uliyonayo. Ukikwama, njoo kwenye dawati la huduma za utafiti na kompyuta yako, nakala hai ya rasimu, nenosiri la akaunti yako, na waraka wa kitivo unaotaja mtindo unaotakiwa pamoja na toleo lake. Kwa wanaotumia APA, toleo la 7 la mwaka 2019 halitaki mahali pa uchapishaji wa kitabu, na toleo la 6 lilitaka. Ukileta PDF peke yake tutaweza kukuonyesha makosa, lakini hatutaweza kuyasahihisha.