Poni mzee anayechechemea: anaumwa nini hasa?

“Ameshazeeka, ndivyo walivyo.” Sijui kauli nyingine inayowaumiza poni, farasi hawa wa umbo dogo, kuliko hii. Poni wengi huvuka miaka 30, kwa hiyo huyo wa miaka 18 unayemwita mzee huenda bado ana miaka kumi na zaidi mbele yake. Uzee haumchechemeshi mnyama. Kinachomchechemesha ni maumivu, na maumivu yana chanzo kinachoweza kutafutwa.

“Hachechemei, basi yuko sawa.” Mwangalie akikimbia polepole kwenye ardhi ngumu na tambarare. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa hupanda anapoukanyagia, kisha hushuka anapokanyagia ule mzima. Lakini yote miwili ya mbele ikiuma kwa kiasi kimoja, kichwa hakitikisiki hata kidogo. Utaona tu hatua zimefupika, anageuka kwa shida, au amekuwa mvivu ghafla. Wengi huishia kumwongezea fimbo.

“Miguu ikikakamaa, hiyo ni baridi yabisi tu.” Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Ni kweli gegedu za viungo huchakaa na ugumu wa asubuhi hulegea akitembea kidogo. Ila poni ni wepesi pia kupata laminaitisi, maradhi ya tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Mwenye laminaitisi halegei kwa kutembezwa. Husimama akiegemea nyuma ili kuipunguzia mzigo miguu ya mbele, na ukigusa pembeni mwa kifundo, juu kidogo ya ukwato, unasikia mshipa unadunda kwa nguvu. Ukimkimbiza ukidhani unamnyoosha viungo, mfupa unaweza kuachana na ukuta wa ukwato. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa waliovuka miaka 15, muulize daktari pia kuhusu ugonjwa wa Cushing, unaoanzia kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na kuchochea laminaitisi. Manyoya marefu yasiyopukutika kwa wakati wake ni dalili mojawapo. Kipimo cha damu cha homoni ya ACTH husaidia kuutambua, na dawa ya pagolaidi huudhibiti, ingawa hauponi kabisa. Na asiyetaka kabisa kuukanyagia mguu, ilhali jana alikuwa mzima, huenda ana jipu ndani ya ukwato. Hilo likitobolewa na kusafishwa, nafuu huja haraka.

“Mfungie apumzike.” Kwa laminaitisi, sawa. Kwa viungo vilivyochakaa, kusimama bandani kutwa nzima humkakamaza zaidi. Mwache atembee malishoni kwa hiari yake, na kama bado anapandwa, aanze kwa mwendo wa kawaida kwa muda mrefu kabla ya kuongeza kasi.

“Mnene ndiye mwenye afya.” La. Kila kilo ya ziada inabebwa na viungo vilevile vibovu, na unene humsogeza karibu na laminaitisi. Ukipapasa mbavu zake usizisikie, punguza chakula, ila usimshindishe njaa: hilo nalo ni hatari kwa poni.

Kuhusu fenilibutazoni, dawa ya kutuliza maumivu, wapo wanaoiogopa kama sumu na wapo wanaoigawa kama peremende. Inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa dozi ikizidi au ikichanganywa na dawa nyingine ya aina hiyo. Lakini dozi ndogo iliyopangwa na daktari kwa uzito wa poni ni bora kuliko kumwacha na maumivu kila siku. Zile poda za glukosamini zinazouzwa kama virutubisho vya viungo, ushahidi wake ni hafifu. Mimi fedha hiyo ningempa fundi wa kwato, anayepaswa kuja kila baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu ncha ya ukwato ikirefuka huvilemea viungo vya juu.

“Mkorofi, hataki kushikwa miguu.” Mara nyingi anaumwa ule mguu mwingine uliobaki chini kubeba uzito. Fundi asiuinue mguu juu sana. Aushike karibu na ardhi, aushushe mara kwa mara poni apumzike. Dawa ya maumivu ikitolewa kabla, kwa maelekezo ya daktari, kazi huwa nyepesi kwa wote wawili.