Mswada wa Makala ya Kitaaluma: Yanayoaminika na Yaliyo Kweli

Watafiti wa Mwanza hawana uhaba wa mambo ya kuandika. Hospitali ya Kanda ya Bugando na chuo kikuu cha tiba kilicho ubavuni mwake, kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, zote hukusanya data juu ya magonjwa, samaki na maisha ya watu wa kando ya Ziwa Viktoria. Kinachosikitisha ni kwamba kazi nyingi nzuri hubaki katika tasnifu ambazo hazisomwi tena baada ya mtahini, na zile zinazotumwa katika majarida mara nyingi hurudishwa na mhariri kabla hazijafika kwa wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima kazi kwa niaba ya jarida. Kwa maoni yangu, sababu kubwa si uhaba wa akili wala wa vifaa, bali ni imani ambazo wanafunzi hurithishana, na ambazo karibu zote zina mzizi mmoja: kudhani kwamba kuandaa mswada ni kazi ya kupamba, inayoanza utafiti ukishakwisha.

"Tasnifu ikifupishwa inakuwa makala"

Hii ndiyo dhana inayoharibu miswada mingi zaidi. Tasnifu huandikwa kwa ajili ya watahini, ambao wanataka kuona kwamba mwanafunzi amesoma kwa upana na anaweza kutetea kila hatua aliyopitia. Makala ya jarida husomwa na mtu asiyemjua mwandishi wala hana haja ya kumtahini. Anachotafuta ni swali moja, njia iliyotumika kulijibu, jibu lenyewe, na jambo ambalo jibu hilo linaongeza juu ya yale yaliyokwisha kujulikana. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyechunguza dagaa wanaoanikwa katika mialo (fukwe ambako wavuvi hushusha samaki) ya Ukerewe. Tasnifu yake inaweza kuwa na sura juu ya dagaa wanaoharibika wakati wa mvua, nyingine inayolinganisha usafi wa dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa juu ya chanja, na nyingine juu ya kipato cha wanawake wachuuzi. Mambo hayo matatu yana wasomaji tofauti na pengine majarida tofauti, kwa hiyo hana budi kuchagua analotaka kulisema kwanza. Wakati huohuo ajihadhari na kosa la upande wa pili, ambalo wahariri hulichukia vilevile, la kuugawa utafiti mmoja katika vipande vyembamba visivyoweza kusimama vyenyewe.

Sehemu ya mbinu ndiyo huumia zaidi katika ufupishaji huo, maana mwandishi hupunguza kile anachokiona kuwa kinajulikana. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, katika siku za giza, na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Kila mtu wa Kirumba, hapa Mwanza, analijua hilo, na kwa sababu hiyohiyo mwandishi wa hapa husahau kuliandika. Mhakiki aliye Bergen au Pretoria atauliza sampuli zilichukuliwa lini, kwa nini kuna siku nyingi zisizo na data, na kama tofauti iliyoonekana imetokana na mvua au na mwezi. Maswali hayo ni ya haki, kwa kuwa mbinu inatakiwa iandikwe kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuirudia kazi ileile. Majarida mengi ya tiba hutaka hata orodha ya ukaguzi iambatanishwe, kama vile CONSORT kwa majaribio ya tiba au STROBE kwa tafiti za uchunguzi, na ni busara kuisoma orodha hiyo kabla ya kukusanya data, wakati ambapo pengo lolote bado linaweza kuzibwa.

"Kiingereza kizuri ndicho kinachopitisha makala"

Lugha iliyo wazi inasaidia sana, na makosa mengi humchosha mhariri. Hata hivyo, lugha inaweza kusahihishwa na mtu mwingine, lakini swali bovu haliwezi. Mwaka 1995 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika mkoa wetu huu, lililolinganisha jamii 6 zilizoboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa na jamii nyingine 6 zilizofanana nazo, na kuonyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takribani asilimia 40. Anayeisoma makala hiyo leo anaona jinsi swali moja lilivyobebwa kutoka kichwa cha makala hadi aya ya mwisho. Ninawasihi wanafunzi waisome kwa ajili ya umbo lake, hata wale ambao fani yao si tiba.

Vilevile si kweli kwamba utafiti wa maana huchapishwa kwa Kiingereza peke yake. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina historia inayoanzia mwaka 1930, nalo hupokea makala za lugha na fasihi zilizoandikwa kwa lugha hiyo.

"Andika kwanza, jarida litapatikana baadaye"

Kila jarida lina mawanda yake, idadi ya maneno linayoikubali, mpangilio wa marejeleo na urefu wa ikisiri (muhtasari wa mwanzoni), na mswada usiofuata miongozo hiyo hurudishwa bila kujadiliwa. Kwa hiyo jarida huchaguliwa mapema, kwa kuangalia ni nani hasa anayehitaji matokeo hayo. Wengi huchagua kwa kuangalia kigezo cha athari peke yake, ilhali kigezo hicho ni wastani tu wa marudio ambayo makala za jarida za miaka 2 iliyopita zimenukuliwa, nacho hakisemi lolote juu ya ubora wa makala moja moja.

Upande wa pili wapo wanaopokea baruapepe yenye sifa tele, ikiahidi kuchapisha ndani ya siku chache, wakaridhika kwa kuwa jarida lina namba ya ISSN. Namba hiyo ni ya utambulisho tu. Haithibitishi kwamba kuna mhakiki aliyewahi kusoma chochote. Jarida la ufikiaji huria, yaani linalosomwa bila malipo, litafutwe katika DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida ya aina hiyo, na wajumbe wa bodi yake ya wahariri wachunguzwe kama kweli wapo na wanakubali kuhusishwa nalo. Kutoza ada si dalili ya ulaghai, kwani majarida mengi halali hutoza, lakini wachapishaji wengi wakubwa husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, na kwa kawaida ombi hilo hutolewa wakati wa kuwasilisha mswada, si baada ya kukubaliwa. Kutuma mswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, eti kwa usalama, ni ukiukaji wa maadili.

"Jina la mkuu wa idara lazima liwemo"

Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, lakini orodha ya waandishi si mahali pa kuitolea. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti 4 ambayo mwandishi anatakiwa ayatimize yote: awe amechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti au kupata na kuchambua data, ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Aliyetoa gari, ofisi au baraka zake hutajwa katika shukrani. Upo pia ukweli ambao hausemwi vya kutosha: mtafiti wa hapa aliyekusanya data kwa ajili ya mradi wa wageni ana haki ya kupewa nafasi ya kushiriki katika uandishi, na hapaswi kushukuriwa tu mwishoni kana kwamba alikuwa mbeba mizigo.

Kibali cha maadili nacho hakiombwi baada ya jarida kukidai. Hupatikana kabla mshiriki wa kwanza hajahojiwa, na jaribio la tiba husajiliwa kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa.

"Wakitaka marekebisho, wamekataa"

Barua yenye kurasa za maoni ya wahakiki huwavunja moyo wengi, hata wakaiacha makala iliyokuwa karibu kukubaliwa. Mhariri anayeomba marekebisho bado anaitaka kazi hiyo, na makala kukubaliwa bila kuguswa ni nadra sana. Kinachotakiwa ni waraka wa majibu unaonukuu kila hoja ya mhakiki, ukieleza chini yake kilichobadilishwa na ukurasa kilipo. Mhakiki anaweza pia kukosea, hasa juu ya mazingira ya ziwa asiyoyafahamu, na pale anapokosea mwandishi anaruhusiwa kutokubaliana naye, kwa adabu na kwa ushahidi, akimwachia mhariri uamuzi.