Kwa nini Japani humhamisha mwalimu mkuu anayefanya vizuri?

Kila mwishoni mwa Machi, magazeti ya mikoani nchini Japani huchapisha kurasa ambazo mgeni angedhani ni matokeo ya mtihani: safu kwa safu za majina, na kando ya kila jina shule anayotoka mtu na shule anayokwenda. Ni orodha za uhamisho wa walimu. Mwaka wa shule huanza Aprili 1, kwa hiyo wote hufungasha kwa wakati mmoja. Walimu wakuu wamo, na kwa kawaida wao hukaa muda mfupi zaidi, miaka miwili au mitatu tu. Aliyeiinua shule anahama. Aliyeiboronga naye anahama.

Kwetu Afrika Mashariki habari kama hiyo husomwa kwa jicho moja: kuna mtu kakosana na wakubwa. Nchini Kenya, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilipoanza kuwahamishia walimu wakuu nje ya maeneo ya nyumbani kwao mwaka 2018, chama cha walimu cha KNUT kilipinga vikali, na wengi walioguswa waliona wameonewa, wametenganishwa na familia zao bila kosa. Ukiwa na picha hiyo kichwani, orodha ya Machi ya Japani inaonekana kama orodha ya walioadhibiwa.

Lakini adhabu huuma kwa sababu inamchagua mmoja na kumwacha mwingine. Japani zamu humfikia kila mtu, na huja na kalenda. Mwalimu wa kawaida wa shule ya umma naye huhama kila baada ya miaka kadhaa. Akifika kwenye ukuu, mara nyingi akiwa na miaka hamsini na kitu, hayo ni maisha aliyoyazoea tangu ujana. Anayeshangaza ni yule asiyehama.

Wengine hudhani ni serikali ya Tokyo inayosogeza watu kama kete. Sivyo. Sheria ya mwaka 1956 iliweka uajiri na uhamisho wa walimu wa shule za msingi na za sekondari ya chini za umma mikononi mwa bodi za elimu za mikoa, ambayo iko 47, ingawa shule zenyewe huendeshwa na miji na vijiji. Mishahara huchangiwa: tangu 2006, theluthi moja hutoka serikali kuu na iliyobaki kwa kawaida hulipwa na mkoa. Mwajiri akiwa mkoa, mwalimu si mali ya shule yoyote. Ndivyo mkoa kama Kagoshima, wenye visiwa lukuki, unavyoweza kupeleka walimu wazoefu kisiwani bila kusubiri wajitolee. Usawa ndio uliokuwa shabaha, na uhamisho ukawa chombo chake.

Linabaki swali gumu. Mageuzi ya elimu huchukua miaka. Shule inawezaje kuyabeba ikiwa kiongozi wake anabadilishwa kabla hajajua majina ya wazazi?

Fikiria parokia ya Kikatoliki. Askofu akimhamisha paroko, waumini humuaga kwa machozi na mbuzi, na Jumapili inayofuata misa inasomwa saa ile ile. Katekista yupo, anajua nani wanasubiri ndoa na watoto gani wako tayari kwa komunio ya kwanza. Kwaya ina mwalimu wake. Jumuiya ndogo ndogo zina wenyeviti wao na zamu zao za kusali nyumba kwa nyumba. Paroko mpya haanzishi parokia, anaikuta inatembea, na kazi yake miezi ya mwanzo ni kutoivuruga.

Shule ya Japani imejengwa hivyo hivyo. Katekista wake ni naibu mwalimu mkuu, ambaye ndiye hasa anayeendesha shughuli za kila siku. Naye huhama, ila si lazima mwaka ule ule. Jumuiya ni kamati za walimu: ratiba, nidhamu, afya, na ile inayosimamia uchunguzi wa masomo, ambapo mwalimu mmoja hufundisha, wenzake husimama nyuma ya darasa na madaftari, kisha wote hukaa kulichambua somo lile. Muhtasari mpya wa masomo wa mwaka 2017 ulipoanza kutumika shule za msingi 2020, na Kiingereza kikawa somo kamili darasa la tano na la sita, ni vikao vya namna hiyo vilivyokuwa na kazi ya kuutafsiri kuwa vipindi.

Hata majukumu ya mwalimu mkuu mwenyewe ni ya kiti kuliko mtu. Hili napenda kulitaja: kanuni za usafi wa chakula cha shule zinataka mhusika akionje angalau nusu saa kabla ya watoto kula, na kwa kawaida mwonjaji ni mwalimu mkuu. Asipokuwepo, mwingine anashika kijiko.

Ukilinganisha na New Zealand, tofauti inajichora. Oktoba 1989 nchi ile ilivunja idara yake ya elimu na kuipa kila shule bodi iliyochaguliwa na wazazi. Bodi ndiyo humwajiri mwalimu mkuu, na hakuna wa kumhamisha. Anasimamia bajeti, anashiriki kuajiri. Huyo akiondoka, anaondoka na mengi. Wa Japani haajiri walimu wake na fedha zake ni chache, hivyo pengo lake ni dogo. Jopo la serikali ya New Zealand lilipopendekeza mwaka 2018 mikataba ya miaka mitano kwa walimu wakuu, lilipata upinzani mkubwa.

Je, uhamisho unasaidia wanafunzi? Hapo twende polepole. Tafiti za Marekani mara nyingi huonyesha matokeo yakishuka mkuu akiondoka, lakini kule baadhi huondoka kwa kuchoka au kwa mgogoro. Na Japani ikifanya vizuri katika mitihani ya kimataifa, sifa hiyo inagawanywa na shule za masomo ya ziada za kulipia na mengine chungu nzima.

Gharama moja ipo wazi: uwajibikaji unayeyuka. Mwaka 2002 mtaala uliopunguzwa kwa takriban asilimia 30 ulianza, na Jumamosi zote zikawa mapumziko. Aliyeshika shule Aprili ile na kukaa miaka miwili alikuwa ameshahama Desemba 2004, matokeo ya mtihani wa kimataifa wa PISA, yaliyoonyesha Japani ikishuka na kuitikisa nchi, yalipotangazwa.

Tangu mwaka 2000 kanuni zinaruhusu watu wa nje ya ualimu kupewa ukuu. Kazuhiro Fujihara, aliyetoka kampuni ya Recruit, alishika sekondari ya chini ya Wada jijini Tokyo mwaka 2003 na kukaa miaka mitano, muda mrefu kwa kipimo cha huko. Masomo ya usiku ya kulipia aliyoyaingiza shuleni, yakifundishwa na walimu wa kampuni binafsi, yalizua mjadala wa kitaifa. Yalianza Januari 2008. Machi akaondoka.